Mpira wa Kiooni na Mpira wa Uwanjani

Neno "halisi" lina heshima kubwa katika lugha yetu. Dhahabu halisi ni ile iliyopita motoni ikabaki dhahabu. Rafiki halisi ni yule aliyekaa nasi siku ya dhiki akabaki rafiki. Kwa hiyo neno hili halipewi kitu bure, na kila kinachotaka kuitwa halisi hakina budi kujaribiwa kwanza. Walakini uko mchezo mmoja siku hizi unaopewa jina hilo asubuhi na jioni bila ya kujaribiwa. Ni mpira wa miguu unaochezwa kwa vidole, katika kioo cha televisheni au cha kompyuta. Wauzaji wake husema kila mwaka kuwa umezidi kuwa halisi, vijana huitikia, na wazee, kwa kuwa hawaujui, hunyamaza.

Insha hii yakusudia kuvunja kimya hicho. Hoja yake ni moja: mpira wa kiooni ni mchezo mzuri, lakini si mpira halisi, na kijana anayeupima mpira wa dunia kwa kipimo cha kioo hupotewa na mpira, na aghalabu hupotewa na heshima ya kwao pia.

Kabla ya kulaumu ni wajibu kutoa haki. Mwezi wa Desemba mwaka 1993 kampuni ya Marekani iitwayo Electronic Arts ilitoa mchezo wake wa kwanza wa namna hii, FIFA International Soccer, uliotengenezwa Kanada. Wachezaji wa mchezo ule walikuwa na majina ya kubuni. Mtu aliweza kumsimamisha mshambuliaji wake mbele ya kipa, na kipa alipoupiga mpira, ukamgonga mshambuliaji na kurudi wavuni, likahesabiwa bao. Mchezaji aliyecheza vibaya aliweza kumkimbia refa ili asioneshwe kadi, na refa akamfuata mbio. Hayo yalikuwa kichekesho, na hapana mtu aliyeyaita mpira halisi.

Kutoka kichekesho hicho safari imekuwa ndefu. Katika toleo la FIFA 96, lililotoka mwaka 1995, majina ya wachezaji wa kweli yaliingia. Mwaka 2015 timu 12 za taifa za wanawake zikaingia. Mwaka 2021, kwa ajili ya toleo la FIFA 22, wachezaji 22 walivikwa mavazi yenye vyombo vya kupimia mwendo, wakacheza timu kwa timu, na kila hatua, kila mruko na kila kujikwaa kwao kukahifadhiwa katika kompyuta. Mwaka 2022 kampuni hiyo na Shirikisho la Kandanda la Dunia wakatangaza kuachana, na tangu mwaka 2023 mchezo wenyewe huitwa EA Sports FC. Jina lilibadilika; sifa ya uhalisi haikubadilika. Nani asiyestaajabia ufundi wa namna hii? Jasho laonekana katika paji la uso, jezi yapeperuka, na nyavu zatikisika. Mimi siudharau ufundi huo, wala simtaki msomaji audharau.

Mvuto wake pia si siri. Mvulana aliyeachwa nje ya timu ya darasa lake hukaa mbele ya kioo akawa kiongozi wa Real Madrid. Msichana aliyefukuzwa uwanjani kwa kuwa ni msichana hufunga mabao matatu bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mvua ikinyesha mchezo hauzuiliki. Usiku ukiingia haukomi. Katika miji yetu viko vyumba vidogo ambamo vijana wawili hulipa shilingi chache wakacheza mchezo mmoja, na wengine kumi wakawa watazamaji, washauri na wabishi. Humo mna kicheko, mna ushindani, na mna urafiki. Anayesema kuwa vijana hao ni wajinga hajapata kuwa kijana.

Basi ugomvi wetu uko wapi? Uko katika lile neno. Mchezo umekuwa halisi, lakini halisi kama nini?

Tazama kioo kwa makini, msomaji, nawe utaona kuwa hakifanani na uwanja. Kinafanana na televisheni. Uwanja huonekana kutoka juu ya jukwaa, kutoka upande mmoja, kama kamera inavyouona. Pembeni mna nembo ya ligi na hesabu ya dakika. Mtangazaji husema, na mwenziwe humjibu. Bao likifungwa, hurudiwa polepole mara mbili au tatu. Hayo yote ni desturi za televisheni, na mchezo huu umeyaiga kwa bidii hata mpitaji aweza kudanganyika kuwa ni matangazo ya mechi. Lakini mchezaji wa uwanjani hajapata kuuona mpira hivyo hata siku moja. Yeye huona migongo ya watu, vumbi, na bega la mlinzi linalomjia. Haoni aliye nyuma yake mpaka ageuze shingo, na akichelewa kuigeuza hupokonywa mpira. Kujua ni nani aliye nyuma yako bila ya kumwona ni elimu kubwa katika mpira wa miguu, na wachezaji hodari huitafuta kwa miaka mingi. Kiooni elimu hiyo hutolewa bure kwa kila mtoto mwenye vitufe mkononi. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Na uzito wa uwanja aujua aliyesimama ndani yake.

Wazee wetu walikuwa na kioo chao, nacho kilikuwa redio. Katika miaka iliyofuata uhuru walimsikiliza Leonard Mambo Mbotela akitangaza "Kadenge na mpira", wakamwona Joe Kadenge kwa macho ya moyo, akipita mabeki mmoja baada ya mwingine. Redio ile haikuonyesha jasho wala jezi. Haikuonyesha kitu chochote. Walakini haikumdanganya mtu, maana haikujiita uwanja. Ilikuwa habari ya uwanja, na aliyeisikia alitamani kwenda kuuona uwanja wenyewe.

Mtu atasema kuwa sura ikikamilika na uhalisi umekamilika. Historia ya michezo hii yenyewe yamkanusha. Japani ilikuwako kampuni ya Konami iliyotengeneza Pro Evolution Soccer. Kampuni hiyo haikuwa na haki ya kutumia majina mengi ya kweli, ikabuni yake: Arsenal ikaitwa North London, Liverpool ikaitwa Merseyside Red, na Roberto Carlos wa Brazili, beki mwenye shuti la kutisha, akaitwa Roberto Larcos. Majina yalikuwa ya uongo, lakini wengi walioicheza michezo yote miwili walishuhudia kwa miaka mingi kuwa mpira wa Konami ulikwenda kama mpira, na ule wa wapinzani wake ulikwenda kama kitu kilichofungwa kamba mguuni. Kwa hiyo palikuwa na uhalisi wa namna mbili sokoni: uhalisi wa majina na uhalisi wa mpira. Siku zilipopita soko lilichagua majina. Mwaka 2021 Konami yenyewe iliacha jina la Pro Evolution Soccer. Hapa kijana na ajiulize swali gumu: je, ninapousifu mchezo wangu kuwa ni halisi, ninausifu mpira wake au ninazisifu nembo zake?

Nembo hizo sasa zimepata nguvu kuliko zilivyostahili. Tangu msimu wa 2023/2024 ligi kuu ya Uhispania hubeba katika jina lake la udhamini jina la mchezo wa video, ikaitwa LALIGA EA Sports. Zamani kivuli kilimfuata mtu. Sasa kivuli kimempa mtu jina.

Jambo la pili ni tarakimu. Kila mchezaji aliyemo kiooni amepewa thamani yake kwa tarakimu isiyozidi 99. Mbio zake zimepimwa, na mashuti yake, na pasi zake, na chenga zake, na ulinzi wake, na nguvu zake. Waliopima wamethubutu hata kutia tarakimu ya utulivu wa moyo. Kwa mchezo wa kompyuta jambo hili halina budi, maana kompyuta haijui kitu ila hesabu. Lakini tarakimu haibaki kiooni. Hutoka ikakaa kinywani mwa vijana, ukawasikia wakibishana juu ya mtu aliye hai, "Huyu ni themanini na tano, yule ni sabini na nane," kama wachuuzi wanaopima nyama kwa mizani.

Na je, yule asiye na tarakimu? Ligi ya Kenya haimo katika mchezo huo. Victor Wanyama alikuwamo alipochezea Tottenham ya London, aliyojiunga nayo mwaka 2016. Lakini miguu aliyoichezea huko ni ile ile aliyojifunzia hapa Nairobi, wakati ambapo hapana mpimaji aliyeipa hata tarakimu moja. Yaani Mkenya huonekana kiooni akiisha kuvuka bahari. Kabla ya hapo ni kama hajazaliwa.

Nitatoa ushahidi ambao kila kijana wa Kenya anaukumbuka. Tarehe 10 Agosti 2025, katika uwanja wa Kasarani, timu yetu ya taifa ilipambana na Morocco katika mashindano ya CHAN. Mashindano hayo ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao tu. Kwa hiyo Wakenya wote walioingia uwanjani walikuwa wa ligi yetu hii isiyokuwamo kiooni. Kabla ya mapumziko Kenya ilifunga bao, kisha mchezaji wetu mmoja akaoneshwa kadi nyekundu. Watu kumi walilinda bao lile kipindi kizima cha pili, na mechi ikaisha 1-0. Morocco, waliofungwa siku ile, ndio waliolichukua kombe mwishoni. Sasa, kwa kipimo cha kioo, watu kumi wale walikuwa na thamani gani? Hawakuwa na thamani yoyote, kwa kuwa hawakuwamo. Kipimo kisichoweza kuiona mechi kama hiyo hakistahili kuaminiwa kinapotuambia mpira ni nini.

Hapa ndipo hasara yetu ilipo. Kijana aweza kukutajia wachezaji wa akiba wa Manchester City, na tarakimu ya kila mmoja. Muulize jinsi Gor Mahia ilivyolitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa kutoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis na 1-1 mjini Nairobi, atakutazama kama umemwuliza habari za mwezini. Simlaumu kwa kuipenda timu ya mbali, maana mapenzi hayana mipaka. Ninamlaumu akiidharau ya karibu kwa sababu haimo katika kioo. Mkataa kwao mtumwa, nao ni utumwa wa ajabu ambao mtu hujinunulia mwenyewe kila mwaka kwa fedha za mzazi wake.

Nimetaja fedha, nami sitaziacha zipite. Tangu mwaka 2009 mchezo huu una sehemu iitwayo Ultimate Team, ambamo mtu hujenga timu yake kwa kadi za wachezaji. Kadi hizo humo katika pakiti zilizofungwa. Mtu aweza kuzipata kwa kucheza sana, au kwa kulipa fedha za kweli. Lakini akilipa, mara nyingi hajui amenunua nini mpaka pakiti ifunguke. Aghalabu hupata asiyemtaka, akanunua tena. Na toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, timu aliyoijenga haihamii humo. Huanza tena na mikono mitupu. Nchini Ubelgiji tume ya michezo ya kubahatisha iliamua mwaka 2018 kuwa pakiti za namna hii ni kamari, na mwaka 2019 kampuni ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Nchini Uholanzi kampuni ilitozwa faini ya mamilioni ya euro, lakini mwaka 2022 mahakama kuu ya utawala ya nchi hiyo iliifuta. Basi mahakimu hawajapatana. Lakini kijana hana haja ya kumngoja hakimu. Na ajiulize: kitu ambacho ninakilipia kabla ya kukijua, ambacho hunipa matumaini mara kumi na furaha mara moja, na ambacho hufa kila mwaka, kwetu kinaitwaje? Tena na aulize: ni katika mpira gani halisi ambamo mchezaji hupatikana ndani ya pakiti?

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kiooni pana kitufe cha kuanza upya. Ukifungwa mabao matatu waweza kuizima mechi, ukaianza tena kama kwamba haikuwako. Uwanjani maji yakimwagika hayazoleki. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Dakika za nyongeza zilikuwa zinakatika wakati Luis Suárez alipouzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia langoni. Ikawa penalti. Laiti ingaliingia, Ghana ingalikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Asamoah Gyan aliupiga mpira ukagonga mwamba wa juu. Bara zima lilishika kichwa.

Mchezaji wa kiooni angalibonyeza kitufe. Gyan hakuwa na kitufe. Dakika chache baadaye ilipofika zamu ya kupigiana penalti, yeye yule, na maumivu yake yale yale, alitangulia mbele ya wenzake, akaweka mpira, akapiga, akafunga. Ghana ilishindwa mwishowe, wala bao lile la pili halikuifuta ile penalti ya kwanza. Lakini sijui mfano bora wa neno "halisi". Kitu halisi ni kile kisichorudishwa nyuma, na ambacho mtu hulazimika kusimama mbele yake tena ilhali angali anauma. Hapana mavazi ya kupimia mwendo yanayoweza kuupima mwendo wa mtu yule kutoka katikati ya uwanja mpaka penye mpira.

Najua majibu ya wapinzani wangu. Wa kwanza atasema, "Mchezo ni mchezo tu; hapana anayeudhani kuwa ni uwanja." Lau ingekuwa hivyo, nisingeandika hata mstari mmoja. Lakini wauzaji hawasemi kuwa ni mchezo tu. Wao husema kuwa ni halisi, na bei yao husimama juu ya neno hilo. Wa pili atasema kuwa mchezo hufundisha sheria, mipango ya timu na majina ya nchi. Ni kweli, nami naukubali msaada huo. Ramani nayo hufundisha njia. Lakini aliyeisoma ramani ya Mlima Kenya hajaupanda Mlima Kenya.

Wa tatu ana hoja yenye uzito. Atasema, "Tutacheza wapi? Viwanja vimekwisha." Naam, asiye na mwana aeleke jiwe, nami siwezi kumcheka kijana wa mtaa usio na nafasi hata ya kupigia danadana. Lakini jiwe halikui likawa mwana. Mwezi wa Januari mwaka 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, jijini Nairobi, walikuta kiwanja chao cha michezo kimezungushiwa ukuta na watu waliokitaka kiwe mali yao. Watoto wale walitoka kukitetea. Polisi waliwatupia moshi wa kutoza machozi mbele ya macho ya dunia, ukuta ukaanguka, na kiwanja kikarudi kwa shule. Watoto hao walijua tofauti ambayo wakubwa wengi wameisahau. Hapana aliyepata kuvuta moshi kwa ajili ya uwanja wa kiooni, kwa sababu uwanja huo haunyakuliwi, nao haunyakuliwi kwa sababu haupo. Kijana akiridhika na kioo kwa kuwa viwanja vimekwisha, atawarahisishia kazi wale wanaovimaliza.

Basi, kijana msomaji, cheza mchezo wa kiooni ukipenda, katika saa zako za kupumzika, pamoja na rafiki zako. Wala usione haya. Lakini shika mambo matatu. Usitoe hata shilingi moja kwa pakiti usiyoiona ndani yake. Usimpe mtu aliye hai thamani ya tarakimu, wala usimnyime thamani kwa kuwa hana tarakimu. Na kila mwezi, japo mara moja, nenda ukatazame mechi ya timu ya mahali unapokaa, iwe ya shule, ya kijiji au ya ligi. Huenda utakuta nyasi hazipo na lango halina wavu. Beki atateleza, kipa atakosea, na refa atazomewa. Hakuna atakayekurudishia bao polepole, likikupita limekupita. Kwa hiyo itakubidi usimame karibu na mstari, ufumbue macho, na utazame.